Matanga ya Miaka Sitini na Minne

Rispah hakosi matanga. Naanza na hilo, kwa sababu asiyelijua hilo hatamwelewa. Akisikia mtu kafiwa, hata kama ni huko Ajman, mji mwingine kabisa, hata kama marehemu ni shemeji wa mtu aliyekaa naye kwenye basi mara moja, keshavaa viatu. Mara ngapi nimemwambia, "Mwanangu, una siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, na hiyo nayo unakwenda kuimaliza kwenye vilio vya watu usiowajua?" Naye hunijibu kwa upole ule wake unaoudhi, "Na mimi nikifiwa huku, Bi Mwatima, nani atakuja?" Hapo hunyamaza mimi. Mimi kukosa la kusema si jambo la kila siku, wanaonijua watakwambia.

Nilimfahamu mwaka 2003. Nilikuwa, na bado niko, Al Ras, mtaa wa zamani wa Dubai, ghorofa ya pili juu ya duka la viungo, ambako hata nguo zikianikwa hunukia bizari. Mume wangu alipofariki nilibaki na chumba kitupu, nikakipangisha kwa wasichana wa Kenya waliokuwa wakingoja kazi. Wasichana wazuri, lakini kelele! Mmoja akipiga simu Nairobi utadhani anataka asikike Nairobi bila simu. Rispah ndiye aliyekuwa mkimya kati yao. Kwao ni Vihiga. Alikuwa msaidizi wa wauguzi katika zahanati ya kanisa lao, na wakala alimwahidi kazi ya hospitali Dubai. Alipofika akakuta hospitali yenyewe ni jiko la mtu. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akanawa uso, akaniuliza unga wa ugali unauzwa wapi, na tangu hapo sikumwona tena akilia kwa jambo lake mwenyewe. Kwa mambo ya wenzake, machozi yake hayana kizuizi.

Baadaye akapata kazi iliyokaribiana na ile aliyoahidiwa. Mwanamke mmoja Mwingereza, Madam Gillian, mkubwa fulani katika kampuni ya mahoteli, alitafuta mtu wa kumtunza mama yake. Gillian akawa kafeel wake, yaani mdhamini wa visa yake, na Rispah akahamia Marina, ghorofa ya kumi na tisa, ambako ukichungulia dirishani siku zile uliona winchi za ujenzi tu. Ijumaa mojamoja alikuja kwangu kula pilau na kunisimulia.

Mama mwenyewe aliitwa Madam Enid. Miaka themanini, mwembamba, mguu mmoja una damu iliyoganda na moyo unakwenda kwa vidonge. Daktari alishampiga marufuku kupanda ndege. Lakini akili ilikuwa timamu, na mdomo anao. Akibaki peke yake na Rispah alipenda kuzungumza, na zaidi ya yote alipenda kumzungumzia kaka yake, Ronnie. Ronnie hapendi maharage. Ronnie anapiga mluzi akipanda ngazi. Ronnie akiona redio mbovu hatulii mpaka aifungue aone ndani mna nini. Picha yake ilikuwa kando ya kitanda, kijana aliyevaa nguo za jeshi, kofia imekaa upande. Rispah aliipangusa vumbi ile picha kila asubuhi kwa miaka miwili, akijua, kama tunavyojua sote, kwamba wazee hupenda picha za ujanani, zao na za ndugu zao. Mimi mwenyewe katika picha iliyoko ukutani kwangu nina kiuno.

Mwezi wa pili mwaka 2007 daktari alikuja nyumbani, akamsugua madam ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, akakitia kwenye kichupa, akaondoka nacho. Rispah akadhani ni mambo ya mafua. Mwishoni mwa mwezi wa tano ikaja simu kutoka Ulaya. Madam akasikiliza, akasema asante mara tatu, akairudisha simu mahali pake. Kisha akamwambia Rispah, "Wamempata Ronnie. Yuko Uholanzi. Watamzika mwezi ujao, tarehe ishirini." Akaomba chai. Akainywa. Hakulia.

Hebu fikiri wewe. Mtu anakwambia kaka yake amepatikana, na anazikwa. Kwao Rispah, na hata kwetu Unguja, hilo lina maana moja tu: mzee alitoka nyumbani, akapotea, akatafutwa, na ameokotwa maiti. Rispah hakuuliza zaidi, kwa adabu, mfiwa hahojiwi. Kilichomtisha ni kingine. Alimsubiri madam alie, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho makavu. Mezani akamsikia Gillian akimwambia mama yake, "Usijichoshe na haya, Mama. Wenyewe wanajua kuzika. Tutatuma maua." Kila mtu akaendelea na kijiko chake.

Siku hiyo hiyo akanipigia simu.

"Bi Mwatima, madam wangu amefiwa na ndugu yake wa pekee, na hakuna mtu amekuja. Aki hata mmoja! Hata jirani! Huyu mama atabaki na hiyo kitu kifuani, na moyo wake ni mgonjwa."

"Wazungu ndivyo walivyo," nikamwambia. "Hulilia ndani."

"Hapana. Hakuna mtu hulilia ndani. Hiyo si kulia, hiyo ni kuugua." Kisha akafika kwenye haja yake. "Nikopeshe zile chupa zako kubwa za chai. Ijumaa watu wetu wanakuja."

Madam Gillian hakuambiwa. Kila Ijumaa alikuwa akienda kula na wenzake wa kazi hotelini mpaka alasiri, na Rispah alikuwa amepiga hesabu kwa hiyo. Madam Enid aliambiwa tu kwamba kuna rafiki wangependa kumpa pole. Akakubali, akidhani ni wawili watatu. Nilimwonya Rispah: kafeel wako akikuta umejaza watu nyumbani kwake, khalas, visa inafutwa, unarudi Vihiga na begi lako. Akaniambia anajua. Visa haikuwa ikimshughulisha. Alichotaka ni yule mama alie kabla kaka yake hajaingia kaburini, na wiki zenyewe zilikuwa zimebaki tatu.

Nikaona bora niende mwenyewe na chupa zangu, maana vitu vyangu vikienda peke yao huwa havirudi. Nilichukuliwa na Protas, dereva wa basi la wafanyakazi wa hoteli moja, Mkenya naye. Ndani ya basi walikuwemo watu kumi waliokuwa wametoka kanisani Jebel Ali, maana Dubai hata Wakristo Jumapili yao ni Ijumaa. Mwenyekiti wao alikuwa Shem, mlinzi wa jengo la pili kutoka kwa kina Gillian, mtu anayependa hotuba kuliko chakula, na chakula anakipenda. Karibu yangu alikaa Agneta, mama wa makamo anayefua mashuka ya hoteli, wa kijiji jirani na cha Rispah. Walikuwa na ndoo ya mandazi, mikate, na vitabu vya nyimbo. Shem alikuwa na karatasi mbili zilizojaa maandishi pande zote. Nikamwomba Mungu anipe subira.

Mlangoni tukavua viatu, jozi kumi na mbili pamoja na za Protas na zangu. Madam Enid alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, na alipoona watu wanaingia na wanaendelea kuingia, akaishika mikono ya kiti kwa nguvu. Lakini mmoja baada ya mwingine waliinama wakamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, Mama. Pole kwa msiba." Alimjibu kila mmoja kwa jina baada ya kumuuliza jina. Agneta hakwenda kutafuta mahali pa kukaa. Aliketi pale pale zuliani, miguuni pa kile kiti, akatulia. Wakaimba wimbo mmoja. Kisha Shem akasimama, akakohoa, akaanza kwa Kiingereza cha mwalimu mkuu.

"Tumekuja kuomboleza pamoja na familia kwa kuondokewa na mzee wetu Ronnie, aliyekula chumvi nyingi, akaona wajukuu, na bila shaka vitukuu..."

Madam Enid akainua mkono taratibu. "Samahani sana, Bwana Shem. Ronnie hakupata wajukuu. Alikuwa na miaka ishirini."

Shem akaitazama karatasi. Akamtazama Rispah. Rispah akanitazama mimi, mimi nikazitazama chupa zangu.

"Alifariki lini, Mama?" akauliza Agneta kutoka pale chini.

"Mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tatu. Mwezi wa sita. Vitani."

Lo! Mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Miaka sitini na minne. Mimi nilikuwa sijazaliwa, na mimi si msichana. Watu wazima kumi na mmoja wameacha usingizi wao wa Ijumaa, wamekanda mandazi, wamekuja kulia msiba uliotangulia uhuru wa nchi zao. Rispah alijifunika mdomo kwa kiganja. Nilimhurumia mno, na papo hapo nikatamani kumfinya.

Aliyetuokoa ni Agneta.

"Na wakati ule mlimwekea matanga? Watu walikuja wakakaa na nyinyi?"

"Hapana," akasema Madam Enid. "Mama yangu hakuruhusu."

"Hakuja mtu hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Agneta akatikisa kichwa kwa masikitiko, akajivuta akakaa vizuri zaidi. "Basi hatujachelewa. Shem, keti. Mama, tuambie."

Shem akaketi, na hotuba yake akaikunja akaitia mfukoni bila kuisoma, jambo ambalo wenzake wanalisimulia mpaka leo. Rispah akamimina chai. Na yule bibi akatuambia.

Ronnie alikuwa mtu wa redio katika ndege ya mabomu, aina ya Lancaster, injini nne na watu saba ndani. Waliruka usiku kutoka Uingereza kwenda kupiga miji ya viwanda Ujerumani, na njia ilipita juu ya Uholanzi, ambako ndege za Wajerumani ziliwangojea gizani. Usiku mmoja hazirudi ndege ishirini, mwingine thelathini, mwingine arobaini. Zidisha kila moja kwa saba, alisema. Ronnie aliwahi kumwambia kwamba kituoni kwao asubuhi wapishi walikaanga mayai ya watu wote waliotoka, kisha wakakaa wakiyatazama yanapoa. Katika vita vile, wa kikosi cha ndege za mabomu peke yake, waliokufa walizidi elfu hamsini na tano, karibu nusu ya wote walioruka, na maelfu miongoni mwao hawakuonekana tena, maana bahari na matope viliwameza na ndege zao. Ndege ya Ronnie ilisikika mara moja tu. Ronnie mwenyewe alituma ujumbe kwamba wamegeuza, wanarudi nyumbani. Basi.

"Na mabomu?" nikauliza. Watu wakanikodolea macho, lakini mie siwezi kukaa na swali mdomoni. "Yaliwaangukia nani?"

Hakukasirika. "Watu waliokuwa vitandani mwao," akasema. "Wanawake na watoto. Ronnie alijua. Likizo yake ya mwisho aliniambia tukiwa jikoni, akaniomba nisimwambie mama. Alikuwa hali, na hakuwa akipiga mluzi." Akakiweka kikombe chake chini. "Nawaombea na wao kila siku. Lakini kaka nilikuwa naye mmoja."

Nilimpenda kuanzia hapo.

Telegramu ilisema hajulikani alipo. Mama yao aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaichomeka nyuma ya saa ya mezani, akamgeukia Enid, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na sita na alishaanza kulia. "Nyamaza," akamwambia. "Hajafa. Atakayelia ndani ya nyumba hii, yeye ndiye atakayekuwa amemuua." Enid akanyamaza. Baba naye akanyamaza. Hapakuwa na ibada wala jiwe la kumbukumbu, na mgeni aliyefungua mdomo kusema pole alionyeshwa mlango. Vita vikaisha, wengine wakarudi kutoka kwenye kambi za mateka, na kila mlango ulipogongwa mama alikimbia. Kila Jumatatu alitandika kitanda cha Ronnie kwa shuka safi, miaka ishirini na minane, mpaka alipoingia yeye mwenyewe kaburini. Enid aliolewa, akazaa, akawazika wazazi, akamzika mume, na hao wote alipata kuwalilia kidogo kidogo. Ronnie tu ndiye hakuwa na ruhusa ya kumlilia.

Sasa mkulima mmoja Mholanzi alikuwa akichimba mtaro shambani kwake, mashine ikagonga bati la ndege. Wamechimba, wamewakuta watano. Wawili walikuwa wameokotwa na kuzikwa zamani zile zile. Kile kijiti cha pamba cha mafua, mate yake yalipolinganishwa na mifupa, ndicho kilichomtambulisha Ronnie.

"Kwa hiyo sasa ruhusa ninayo," akasema Madam Enid, akitutazama mmoja mmoja kana kwamba labda kati yetu yumo atakayemsaidia. "Na siwezi. Nimejifungia bafuni nikajaribu. Nimesahau namna."

Agneta akaanza kuimba, bila kitabu, wimbo wa kwao wa kuaga maiti. Wengine wakaupokea. Sikuelewa neno hata moja, na nililia. Nina ndugu yangu, Soud, aliyechukuliwa nyumbani kwetu Unguja mwezi wa kwanza mwaka sitini na nne, na mpaka leo kaburi lake silijui. Nilimlilia yeye, Mungu anajua, na nilimlilia na Ronnie. Shem alilia. Protas alilia na funguo za basi mkononi. Madam Enid peke yake ndiye aliyekaa macho makavu, akimpigapiga Agneta begani, mfiwa akiwabembeleza waliokuja kumbembeleza. Nikamwona Rispah amesimama kando, uso umesawijika.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Madam Gillian alikuwa amerudi mapema. Akasimama na mkoba wake mkononi, akatazama viatu, akatazama watu walioketi zuliani kwake, akanitazama mimi na buibui langu karibu na televisheni.

"Rispah. Jikoni. Sasa hivi."

Jiko halikuwa mbali. Tulisikia "nyumba yangu", tukasikia "watu nisiowajua" na "moyo wa mama", na mwisho tukasikia, wazi kabisa, "mwisho wa mwezi utarudi kwenu." Sauti ya Rispah hatukuisikia.

Shem alikuwa ameshaanza kutafuta viatu. "Keti, Bwana Shem," akasema Madam Enid. Kisha akainua sauti kuelekea jikoni. "Gillian, njoo hapa. Vua viatu, ukae."

Gillian akatokea, uso mwekundu. "Mama, haya ni mambo ya zamani. Daktari amesema usi..."

"Kaa."

Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwenye watu mia chini yake kazini, akavua viatu vyake virefu akakaa ukingoni mwa kochi. Agneta akajipangusa uso kwa kitambaa na akafanya kama wafanyavyo kwao, ambako kila mtu wa nyumba ya marehemu hupewa nafasi ya kusema neno. "Dada," akamwambia, "na wewe tuambie habari za mjomba wako."

Gillian akafungua mdomo. Akaitazama ile picha, ambayo Rispah alikuwa ameileta mezani na kuiwekea maua. "Sijui chochote," akasema. "Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kile kitanda ni cha nani, nikatolewa nje. Sikuuliza tena." Akamgeukia mama yake, na hasira yote ilikuwa imemtoka. "Na wewe hukuniambia. Sijui hata sauti yake ilikuwaje."

Ya maharage, ya mluzi, ya redio, yote Madam Enid alimpa mfanyakazi. Mwanawe alimnyima, kama alivyonyimwa yeye.

"Hapendi maharage," akasema Rispah kutoka mlango wa jikoni, polepole, kwa kuwa mtu aliyekwisha kufukuzwa hana cha kuogopa. "Na anapiga mluzi akipanda ngazi. Wa chini chini, si wa nguvu."

Gillian alimtazama kwa muda mrefu sana. Tukanywa chai iliyobaki tukaondoka, na chupa yangu moja, kama nilivyojua, haikurudi.

Siku tatu zilipita bila neno. Ya nne, baada ya chakula cha jioni, Gillian alivuta kiti jikoni, akamuuliza Rispah, "Nini kingine?" Rispah akamwambia. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Wiki ilipokwisha Gillian akaenda chumbani kwa mama yake, akamwambia, "Wewe huwezi kusafiri. Nitakwenda mimi." Habari ya kurudi Vihiga haikutajwa tena. Radhi haikuombwa vilevile, lakini Rispah si mtu wa kudai radhi. Alikuwa na lake moja lililomkosesha raha: maziko yanakaribia, na bado madam hajalia.

Tarehe ishirini ikawa Jumatano. Shem yuko lindoni, Agneta yuko kwenye mashuka yake, hakuna aliyepata ruhusa. Rispah akanipigia. "Njoo wewe, Bi Mwatima. Asikae na mimi peke yangu." Nikapanda teksi katika joto lile la mwezi wa sita, nikinung'unika njia nzima.

Madam Enid alikuwa amevaa tangu alfajiri, gauni la buluu iliyokolea na lulu shingoni. Niliswali adhuhuri chumbani kwa Rispah, nikatoka nikaketi. Simu ilikuwa mezani, imefunguliwa sauti ili tusikie sote. Saa saba kamili, kule saa tano, ikalia.

"Mama, tumefika," ilisema sauti ya Gillian. "Kuna upepo. Watu ni wengi. Kijiji kizima kimekuja."

Tukasikia nyayo kwenye kokoto, za watu wanaotembea pamoja wamebeba kitu kizito. Mchungaji akasoma maneno yake, kisha akataja majina, yote saba, na Madam Enid aliyatamka pamoja naye kwa midomo bila sauti. Baragumu likapigwa. Bunduki zikalia mara tatu, na mara zote tatu mimi niliruka, yeye hakutikisika.

"Mama," akanong'ona Gillian, "wanamshusha sasa."

Madam akakaa wima, mikono juu ya magoti. Kaka yake anaingia ardhini, na yeye anangoja tu, kama walivyozoea nyumbani kwao. Sikuweza kutazama. Rispah akapiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa viganja viwili, jambo ambalo mfanyakazi hamfanyii madam wake.

"Mama yako hayupo hapa," akamwambia. "Yeye ameshakutana na Ronnie. Hakuna mtu wa kukukataza. Mwite."

"Ronnie," akasema Madam Enid, kwa sauti ya kawaida tu.

"Mwite asikie."

"Ronnie!"

Ikatoka. Kilio kilianza chini, kikapanda, kikakatika, kikapanda tena, na ndani yake alikuwa akiita jina lile lile, yule mwanamke wa adabu zake zote, mdomo wazi, mabega yanamruka. Nimesikia vilio vingi maishani na nimelia vyangu. Kama kile sijawahi kusikia. Nasema kweli, nilinyoosha mkono kuizima simu, kwa kuwafikiria maafisa wa watu na mabalozi wao, nikiona aibu kwa niaba yake. Madam akanidaka kifundo cha mkono, na hakuniachia.

Kule ng'ambo kulikuwa kimya. Nilidhani Gillian amekata. Kisha upepo ukavuma kwa nguvu zaidi kwenye simu, na aliporudi alitueleza ni kwa nini: alikuwa ameinyanyua juu, mkono mzima, kisha akaishusha juu ya kaburi lililo wazi, kilio cha mama yake kiingie mle.

Halafu tukasikia kilio cha pili. Madam Enid akatulia, uso umelowa, akatega sikio.

"Nani huyo?"

"Ni Gillian, madam," akasema Rispah.

Ikaja sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu mwenye cheo, ikimwambia Gillian ajikaze, anyamaze sasa, watu wanatazama.

Madam Enid akainama juu ya simu, machozi yakimdondokea kwenye lulu.

"Wewe bwana," akasema, "mwache mwanangu alie."